Mtoto Niliyemlea Anabaleghe Kiyahudi: Niende na Nini, Nimsalimie Nani?

BARUA

Bibi, shikamoo. Natumai u mzima.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, Muislamu, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Naishi New Jersey, Marekani, na kazi yangu ni uyaya. Familia ninayoifanyia kazi ni Wayahudi. Mtoto wao wa kwanza nilimpokea hajaota hata jino, sasa kanipita kimo. Hatua zake za mwanzo alizipigia kwangu, pale sebuleni kwao, na mpaka leo akiwa na shida huniita "dada" kwa ile lafudhi yake ya Kimarekani. Chapati anakula kuwashinda wanangu.

Mwezi ujao anatimiza miaka 13 na wanamfanyia sherehe yao, bar mitzva. Nimepewa kadi nzito ya maandishi ya dhahabu, ina jina langu na la mume wangu. Asubuhi ya Jumamosi ni ibada sinagogini, jioni ni tafrija ukumbini. Ndani yake kuna kikaratasi cha kujibu kama tutafika, na bahasha imeshabandikwa stempu. Kikaratasi hicho nimekibana kwa sumaku kwenye mlango wa friji, sijakijaza hadi leo.

Nilipopewa kadi nilifurahi machozi yakanilengalenga. Lakini hapo hapo mama yake akaniambia, "Nitashukuru sana ukikaa karibu na mdogo wake asubuhi ile, asije akapiga makelele kaka yake akisoma." Bibi, moyo ukanisinyaa. Nikajiuliza, nimealikwa au nimepangiwa zamu? Sikumuuliza. Nikacheka, nikasema hakuna shida, si unajua sisi tunavyosema hata kama shida ipo.

Halafu kuna babu yake mzaa baba. Ni mzee wa kofia nyeusi na ndevu, anatoka Brooklyn. Siku aliyokuja nyumbani nilimpa mkono kwa heshima, tena nikainama kidogo kama nilivyolelewa. Yeye akaurudisha mkono wake mfukoni, akatikisa kichwa, akapita kwenda kukaa. Sijalisahau lile. Siku ya sherehe atakuwapo, na ndugu zake wote. Nitawasalimiaje watu ambao mkono wangu wanauona hivyo?

Na zawadi. Mwaka jana nilimpeleka kijana kwenye sherehe ya rafiki yake, nikaona watu wanavyotumbukiza bahasha kwenye sanduku la kioo mlangoni. Mama mmoja alikuwa akimwambia mwenziwe amemwekea mtoto dola 180. Mimi nikitoa 180, dawa za mama yangu Tanga mwezi huo nani atanunua? Kwetu ningejua la kufanya. Ningempikia sinia la sambusa na visheti, ningemtunza noti kifuani mbele za watu, ningepiga vigelegele mtaa ujue. Huku sijui hata kama mambo hayo ni adabu au ni kichekesho.

Mume wangu yeye anasema tafrija ya jioni atakwenda, lakini sinagogini haingii, na kofia yao haivai. Na dada yangu, nilipomtajia, alinitumia sauti ya WhatsApp kutoka Tanga: "Yaani na haya tunayoyaona Gaza, wewe unakwenda kuwashangilia Mayahudi?" Sikumjibu. Nilizima simu nikalala.

Bibi, watu hawa hawajanitendea ubaya. Ijumaa jioni huwasha mishumaa yao, nguruwe hawamwingizi ndani, lakini Jumamosi hupanda gari kwenda kutazama mpira, kwa hiyo sijui hata ni washika dini wa namna gani. Na kijana mwenyewe wiki iliyopita kanikuta jikoni akaniuliza, "Dada, utakuja kunisikiliza?" Anarudia aya zake kila jioni, sauti yake hata mimi nimeishika ingawa maana siijui.

Niende? Nikienda niseme nini, nimpe nani mkono, na nibebe nini?

Yaya wa Ngamiani, New Jersey

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, sijui wewe na hilo friji lako.

Umeniuliza habari za mkono na bahasha, na nitakujibu, maana adabu ya ugenini si jambo dogo na wewe umelelewa unaijua thamani yake. Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona kabla ya mkono na bahasha kuna jambo linalokukaba: hujui siku ile unakaa pale kama nani. Mgeni? Mfanyakazi? Mama wa pili wa yule kijana? Muislamu katikati ya Wayahudi? Ndiyo maana kikaratasi hakijazwi. Hayo mengine yangekuwa peke yake, ungeshayauliza kwa majirani ukamaliza.

Kwanza tuelewane sherehe yenyewe, kwa sababu watu wa pwani wengi wakisikia mtoto wa kiume kaingia utu uzima hufikiria jando. Hii siyo. Wayahudi hutahiri siku ya nane tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo hilo kwa kijana wako lilikwisha kitambo. Akifika miaka 13 kwa hesabu ya kalenda yao, sheria za dini zinakuwa juu ya shingo yake mwenyewe. Kufunga Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, kunamlazimu, na anahesabika miongoni mwa wale watu kumi wanaotakiwa ili sala ya jamaa isimame. Sisi tungesema amebaleghe, amekalifishwa. Na linalofanyika sinagogini linakaribiana sana na mtoto wa madrasa anapokhitimu mbele ya wazee: anaitwa, anasimama mbele ya gombo la Torati, anasoma kwa mahadhi. Gombo lile limeandikwa kwa mkono na halina irabu, yaani fikiria unasoma bila fataha wala kasra wala dhuma. Haruhusiwi kuligusa kwa kidole, hufuatisha mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, ambacho ncha yake imechongwa kama mkono mdogo. Akikosea neno husahihishwa papo hapo, watu wote wakisikia. Hizo aya unazozisikia jikoni kila jioni ndizo hizo. Anapokuuliza kama utakwenda kumsikiliza, elewa anaogopa.

Sasa tuje kwa mama yake. Wewe ulisikia "kaa karibu na mdogo wake" ukasikia zamu. Inawezekana umesikia sawasawa. Lakini hebu nikuulize, kwenye harusi ya Tanga nani hushika watoto wadogo wa nyumba yenye harusi? Si shangazi? Si binti wa nyumba jirani anayeaminiwa? Kumpa mtu mtoto wakati wa jambo kubwa kunaweza kuwa ndiyo kumweka karibu kabisa, safu ya mbele, na akina nyanya na mababu. Na pia kunaweza kuwa ni mwajiri aliyesahau kwamba mtu aliyempa kadi hawezi kumtuma siku hiyo hiyo. Mimi nikiwa huku siwezi kujua ni lipi. Wewe nawe huwezi kujua kwa kukaa unaliwaza. Anayejua ni yeye, na huenda hata yeye hajalifikiria, kalisema tu huku mambo mia yakimzonga.

Njia moja ni kunyamaza, ukaenda, ukamshika mtoto. Amani itakuwepo, lakini nakuona unarudi nyumbani jioni na kinyongo, na kinyongo cha mtu anayelea watoto wa wenziwe si kitu cha kukifuga. Njia ya pili ni kumuuliza, siku ya kawaida, chai ikiwa mezani, si kwa ujumbe wa simu: "Siku ile ungependa niwe mgeni au niwe kazini? Nitafanya lolote kati ya hayo kwa furaha, ila nijue." Hatari yake ni kwamba anaweza kuona haya, au ajibu jibu usilolipenda. Akisema kazini, basi ni saa za kazi na zinalipwa kama saa nyingine. New Jersey ilitunga sheria ya haki za wafanyakazi wa majumbani mwaka 2024, nayo inataka makubaliano ya kazi yawe kwa maandishi, kwa hiyo hilo si swali la utovu wa adabu. Na kuna njia ya tatu, ya kugawa siku: asubuhi umsaidie kwa mapenzi mpaka kaka amalize kusoma, kisha mtoto apokewe na mtu mwingine, na jioni uje umevaa na mumeo kama wageni wote. Wengi wameishi kwa njia hiyo bila kuchafua mapenzi. Lakini ni lazima isemwe mapema, tena kabla ya Ijumaa jua kuzama. Mambo ya malipo hayazungumzwi katika Sabato yao.

Babu sasa. Hapa, mwanangu, nakuomba ufikirie upya kidogo. Mzee wa kofia nyeusi na ndevu kutoka Brooklyn huenda ni wa wale Wayahudi wanaoshika dini sana, na kwao mwanamume hamgusi mwanamke asiye mkewe au jamaa yake wa karibu, hata mkono wa salamu. Wanawake wao nao hivyo hivyo kwa wanaume wa nje. Wewe wa Ngamiani, ungempa mkono sheikh wa msikiti wako akauficha kwenye kanzu, ungesema kakudharau? Ungesema ni mtu wa dini. Simtetei, maana angeweza kutamka neno jema akupunguzie aibu, na kutikisa kichwa na kupita si salamu. Mwangalie siku ile: ukimwambia neno, anaitika? Anakutazama kama mtu anayekusikia? Mtu wa dini atajibu kwa mdomo hata kama mkono hatoi. Akikunyima na jibu la mdomo, hapo utakuwa umejua kwamba si dini.

Tena nina dhana yangu, ichukue kama dhana tu. Mwanawe hupanda gari Jumamosi, jambo ambalo wao washikao sana hawalifanyi. Sinagogi ya mwanawe huenda wanawake na wanaume hukaa pamoja, na huenda yake ya Brooklyn wanatenganishwa kwa pazia. Usishangae ukimkuta mzee naye kakaa ugenini kuliko wewe.

Kwa hiyo dawa ya mkono ni rahisi, na unayo tayari. Usiutangulize. Weka kiganja kifuani, inamisha kichwa, sema neno. Akikunyooshea mtu mkono wake na wewe huna kikwazo, upokee. Asubuhi neno la watu wote, kuanzia bawabu mpaka rabi, kiongozi wao wa dini, ni "Shabbat shalom", yaani Sabato ya amani. Kijana akishamaliza kusoma, yeye na wazazi wake na mababu zake waambie "Mazal tov", ndiyo hongera yao. Haya mawili yanakutosha siku nzima. Na kijana mwenyewe, baada ya kumwambia "Mazal tov", mwambie na "hongera" kwa Kiswahili, maana hiyo itakuwa sauti pekee ya namna yake mle ndani.

Mlangoni huenda ukakuta mlinzi anafungua mikoba. Usiudhike wala usidhani ni kwa sababu ya mtandio wako. Tangu mtu mwenye bunduki alipowaua watu 11 katika sinagogi huko Pittsburgh, Oktoba 2018, asubuhi ya Sabato kama hiyo hiyo, ulinzi kwenye milango yao umezidi. Kama unaona vibaya, mwambie mama wa mtoto ataje jina lako mapema mlangoni.

Mtandio wako wenyewe hauna shida hata kidogo, na gauni refu ndilo hasa linalofaa. Kabati la Torati likifunguliwa watu husimama, nawe simama kwa heshima, kama ambavyo mgeni wa msikitini angevua viatu. Hutakiwi kusoma wala kuitikia. Wakizungusha gombo, watu huligusa kwa ncha ya shali au kitabu kisha wakabusu. Wewe wapishe tu. Simu iache imezimwa ndani ya mkoba, usimrekodi hata akisoma vizuri namna gani, sinagogi nyingi hazitaki kabisa siku ya Sabato. Picha za kupeleka Tanga zitapatikana jioni. Baadaye huombewa baraka juu ya divai, na karibu kila mara kuna maji ya zabibu kwa watoto na wasiokunywa. Chukua hayo.

Mumeo mwambie hivi: hakuna aliyemtaka avae kofia yao. Kinachotakiwa kwa mwanamume mle ndani, hata mgeni, ni kichwa kufunikwa. Mlangoni watakuwa na kikapu cha vikofia, mara nyingi vimepigwa chapa jina la kijana na tarehe, kwa wasio na chao. Yeye anacho. Kofia yake ya mkono, ile ya Idi, kwa sinagogi nyingi inatosha, na nitashangaa wasipokuja watu kumuuliza nani kaidarizi. Kuhusu kuingia au kutoingia, wanazuoni wana maneno yao, wapo wanaoruhusu na wapo wanaochukia, na mimi sitoi fatwa kwenye safu hii. Amuulize sheikh anayemwamini. Kama bado hatoridhika, aje jioni peke yake. Mtu mmoja kuingia asubuhi na mwenziwe kuja jioni si aibu kwa yeyote, andikeni tu hivyo kwenye kikaratasi wajue idadi ya viti. Na wanao, kama majina yao hayamo kwenye kadi, usiwabebe kimya kimya tukasema watajibana. Huko sahani imehesabiwa.

Nimefika kwenye zawadi, na hapa nitakaa, maana naona ndipo umejiumiza zaidi.

Wewe umeichukua kadi ile kama kadi ya mchango. Sisi tumezoea: unaletewa kadi, kiwango kinajulikana, single ni kiasi hiki, double ni kiasi hiki, na usipotimiza kamati inakupigia simu mpaka utamani kuhama. Kadi yako si hiyo. Hakuna kamati na hakuna kiwango. Sitakudanganya, wapo huko Marekani wanaopiga hesabu kwamba zawadi ifidie gharama ya sahani ya mgeni, lakini hiyo ni hesabu ya wageni wenyewe kwa wenyewe, na sidhani kuna mzazi mwenye akili anayeipigia kwa yaya wa mwanawe.

Ile 180 uliyoisikia ina sababu. Kwa Kiebrania herufi ni tarakimu pia, na herufi mbili zinazoandika neno la uhai jumla yake ni 18. Basi wengi hutoa fedha kwa mafungu ya 18: 36, 54, 72, mpaka hiyo 180. Mtu akitoa 36 anaeleweka amekusudia nini. Ukitoa 18 pia unaeleweka. Ukitoa 40 hakuna atakayekukosoa, ila ile 36 itawaambia kwamba uliuliza, ukajali. Dawa za mama yako zisiguswe.

Lakini je, lazima iwe fedha? Bahasha atapata nyingi, na nyingi zitakwenda benki kungoja chuo, hatakumbuka ipi ya nani. Wewe una vitu ambavyo wale wa 180 hawana. Ulikuwepo meno yanatoka. Unaweza kumwandikia barua ya mkono, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, ukamweleza alivyokuwa mdogo, neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa lipi, alianguka wapi akasimama vipi. Ukaiweka ndani ya kisanduku cha mbao cha nakshi ya kwetu, kama una mtu wa kukuletea. Hatari ya zawadi ya namna hii ni kwamba kijana wa miaka 13 anaweza kuifungua, akasema asante, akaiweka kabatini asiiangalie mpaka awe mtu mzima. Je, utaumia? Kama utaumia, toa 36 na kadi nzuri ulale usingizi. Wengine pia huuliza kijana amechagua kusaidia jambo gani, maana wengi wao katika maandalizi hupewa mradi wa kutenda wema, wa kukusanya chakula cha maskini au vitabu vya watoto, kisha wakachangia huko kwa jina lake. Hilo nalo ni zawadi, na kwako wewe mwenye kujua sadaka si jambo geni.

Chochote utakachochagua, usikibebe asubuhi. Hata kwa familia inayopanda gari Jumamosi, bahasha ya fedha ndani ya sinagogi siku ya Sabato inachusha. Peleka nyumbani katikati ya wiki, au ibebe jioni jua likishazama.

Kumtunza noti kifuani, hapana, asubuhi usithubutu. Jioni nako ningeliacha, kwa sababu watu hawataelewa na kijana ataona haya mbele ya wenzake, umri wenyewe ule. Sambusa na visheti ni habari nyingine. Chakula cha nje mara nyingi hakiruhusiwi sinagogini wala ukumbini, kwa sababu ya sheria zao za chakula, za kosha. Nyama na maziwa havikutani, jiko lenyewe lina masharti, na hata sambusa ya halali haiwi kosha kwa kuwa ni halali. Lakini nyumbani kwao chapati zako zinaliwa. Wapikie visheti siku ya Alhamisi, nyumba ikiwa imejaa wageni wa mbali na mama mtu hana muda hata wa kuchemsha yai. Atakukumbuka kwa hilo kuliko kwa bahasha.

Na vigelegele! Usivizike. Wayahudi wa asili ya Morocco na Yemen hupiga vigelegele kwenye furaha zao kama sisi tu. Familia yako huenda ni ya asili ya Ulaya na huenda hawana desturi hiyo, lakini wao nao, katika sinagogi nyingi, kijana akimaliza kusoma watu humrushia peremende laini na kuanza kuimba na kupiga makofi, watoto wakigombania chini ya viti. Asubuhi tazama wenyewe wanafanyaje. Jioni, wakishaanza kucheza duara na kumnyanyua kijana juu ya kiti, muulize mama yake sikioni kama anaruhusu. Najua atakachosema, lakini muulize.

Jambo moja ujiandae nalo. Kwenye tafrija nyingi za Marekani kuna kipindi kijana huita watu aliowapenda mmoja mmoja waje wawashe naye mshumaa kwenye keki. Si ibada, ni mambo ya tafrija. Anaweza kukuita. Kama kuwasha mshumaa kunakupa tabu moyoni, mwambie mama yake kabla, atapanga usimame tu kando ya kijana kwa picha. Ukingoja mpaka jina litajwe ndipo uanze kufikiri, utamtia kijana fadhaa kwa jambo ambalo lingepangika.

Desturi hizi zote, elewa, hazifanani kila mahali. Hata wasichana hawakuwa na siku kama hii sinagogini Marekani mpaka Machi 1922, New York, Judith Kaplan, binti wa rabi Mordecai Kaplan, alipoitwa kusoma, na yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza. Leo ziko sinagogi ambazo binti husoma Torati sawa na kaka yake, na ziko ambazo hasomi. Kwa hiyo nililokuambia lote lipitishe kwa mama wa nyumba. "Nifundishe nisije nikakosea" ni maneno ambayo sijamuona mtu akachukizwa nayo.

Nimeliacha la dada yako mwisho kwa sababu ndilo zito, na sitaki kulipitisha kama la mzaha. Uchungu wake ni wa kweli na wako pia, vinginevyo usingezima simu. Hakuna anayekuomba uuache mlangoni. Lakini mtazame kijana huyu: hana jeshi, hana kura, anaogopa kukosea irabu. Unakwenda kumsikiliza yeye. Sinagogi nyingi za Marekani huwa na dua ya kuiombea nchi yao na nyingine ya kuliombea taifa la Israeli. Ikifika hiyo, unaweza kukaa kimya, au ukatoka na mtoto kwenda kumpa maji, hakuna atakayekuuliza. Na jioni mtu akikuanzishia siasa mezani kwa kuwa ameona mtandio wako, huna deni la kumjibu. Sema umekuja kwa ajili ya kijana. Je, utaweza kuyabeba hayo kwa siku nzima? Hilo sikujibii. Kuna watu wakijilazimisha namna hiyo hurudi na furaha, na kuna watu hurudi wameumwa. Dada yako mjibu, lakini usimjibu kwa sauti ya WhatsApp. Mpigie.

Ukiona huwezi, hujavunja kitu. Jaza kikaratasi, andika hamtafika na mnamtakia kheri, kitie posta kabla ya tarehe yao kupita, maana kadi isiyojibiwa ndiyo inayoudhi kuliko kadi iliyokataliwa. Kijana mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, asiambiwe na mama yake. Kisha mwombe akusomee aya zake zote jikoni, mwanzo hadi mwisho, jioni moja kabla ya siku yenyewe, na umkaangie chapati akimaliza.